Bitana ya Koti la Baba

Enzi za Mwingereza baba alikuwa mzee wa baraza huku kwetu Vudee, mtu wa kuamua kesi, na kesi alizozichukia kuliko zote zilikuwa za bangi. Kanisani alikaa mstari wa mbele. Na mimi binti yake nilitembea kijijini nimeinua shingo, utadhani kesi naamua mimi.

Alipofariki, kazi ya kufua nguo zake ikawa yangu, binti mkubwa. Desturi yetu ilikuwa kuzitandaza nguo za marehemu uani, juu ya ngozi ya ng'ombe, na kuipindua mifuko yote mbele ya watu kabla ya kuzigawa, asije mtu akasema wafiwa wameficha kitu.

Nilifulia kwenye mfereji, chini ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Jirani yetu akaja kunisaidia. Nilishangaa, maana miezi miwili tu nyuma baba alikuwa amemfunga mumewe miezi sita kwa kukutwa na bangi ndani ya tenga la ndizi. Kabla sijalitia koti la baba majini, nikasikia kitu kikikwaruza kwenye bitana. Nikaifumua. Kulikuwa na kifurushi cha jani kavu la mgomba, ndani yake vikonyo na mbegu tu, na ile harufu iliyojulikana na kila mtu.

"Usishtuke, dada," jirani akasema. "Hiyo ilitoka kwetu. Mume wangu alimletea mzee kila Alhamisi, kwa ajili ya tumbo lake."

Nikamwambia anamsingizia baba. Hakukasirika.

"Siku ya kesi mume wangu alisimama mbele ya baba yako, akanyamaza. Angesema tenga linakwenda kwa nani, baba yako angeaibika palepale. Sasa mzee hayupo. Sema wewe leo, mbele ya watu, labda mzee mpya atamfungulia. Nikisema mimi, nani ataniamini?"

Nilimchukia saa ile, tena nilimchukia kwa sababu nilimwamini. Mwaka mzima baba alikuwa akijikunja kwa tumbo, kisha akitoka nyuma ya nyumba na kurudi mpole, akiomba chakula. Sisi tulisema ni maombi. Nikakitupa kifurushi kwenye mfereji, nikalitia koti majini, nikafua.

Alasiri watu wakajaa uani. Baba mdogo akapindua mifuko mmoja mmoja: leso, kipande cha penseli, basi. Kisha kidole chake kikapita kwenye bitana.

"Na hapa?"

"Panya, baba."

"Panya gani huyu, anafumua uzi kama fundi?"

Watu wakacheka kidogo, hata msibani. Baba mdogo akaliinua koti juu. Kwetu, nguo bora ya marehemu hupewa kwanza rafiki yake wa karibu, ndugu wanafuata.

"Rafiki wa marehemu yupo?"

Mtu mkubwa kama baba, na hakuna aliyesimama. Akauliza tena, na mara ya tatu. Jirani alikuwa kwenye masufuria na wapishi wenzake, mwiko mkononi, ananitazama. Ningeweza kusema kwamba rafiki yuko gerezani Same. Nikajifunika kanga, nikajifanya nalia. Koti akalichukua baba mdogo.

Mume wa jirani alitumikia miezi yake yote. Alipotoka alikuja kutupa pole, amekonda, suruali kaifunga kwa kamba. Nikamkaribisha kigoda, nikangoja matusi. Niliyataka, kusema kweli. Yeye akauliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie:

"Mzee aliumia sana mwishoni? Kule ndani kila Alhamisi nilikuwa namuwaza."

"Hapana," nikasema. "Alilala tu."

Akavua kofia, akamshukuru Mungu.

Baba alilia kwa maumivu siku kumi na moja. Tulifunga milango na madirisha, majirani wasisikie.