Marehemu Ametoka na Sahani

Nawaomba mcheke taratibu. Nilikuwa nimeandika kwa PHP, lugha ya kompyuta, huduma ya mtandaoni ya kutangaza misiba: ukurasa wangu hapa Kyela unaiita kompyuta iliyoko Mbeya, nayo inatuma ujumbe kwenye simu za washarika wa kanisa letu. Baba yake Tusekile, binti niliyetaka kumuoa, ni mzee wa kanisa, naye alikuwa ameniambia, "Ikifanya kazi, tutazungumza habari za binti yangu."

Siku ya kuijaribu nilifuta namba zote kwenye ukurasa wangu, ikabaki yangu. Sikuthubutu kumuua mtu mwingine, nikajiua mwenyewe: "Ambakisye amefariki." Nikabonyeza. Simu yangu kimya. Nikadhani Mbeya haikusikia, nikabonyeza tena nikijipamba, maana mimi pia ni mwandishi wa riwaya: "Ambakisye, nuru ya Mwaya, ametutoka." Kimya. Nikarudi nyumbani Mwaya kupika ndizi.

Kumbe Mbeya ilitumia namba ilizohifadhi yenyewe, na huko nilimwandikisha kila msharika isipokuwa mimi.

Kabla sijamaliza kula, vilio vikajaa uani. Nilichungulia nikaona akina mama na mikungu ya ndizi, wanaume wakivuta ng'ombe, na baba yake Tusekile akifuta machozi.

"Kijana huyu," alisema, "leo hii ningempa binti yangu."

Nikatoka na sahani mkononi. "Ndaga, asante baba. Nimekubali."

Vilio vikakatika. Mzee akanitazama, akaitazama sahani, kisha akatoa simu mfukoni.

"Nuru ya Mwaya," akasoma polepole, kila mtu akisikia. "Hebu tuambie, baba, nani aliyekusifu hivi?"