Harub na Kura za Kisimani

Harub bin Marhoon nnamjua tangu Unguja, na nnasema mapema: si mtu mbaya. Ana ugonjwa mmoja tu, uchaguzi. Kule Ng'ambo, kabla ya mapinduzi, yeye ndiye aliyekuwa akiwakusanya watu wa mtaa kwenda kupiga kura. Mama mkwe wake ana homa, kambeba na kitanda chake mpaka kwenye foleni. Sitini na nne tukakimbilia Maskati, na huku hapana kura ya kitu chochote. Mtu akakaa kama mpishi aliyenyang'anywa jiko.

Mwaka wa sitini na nane redio ikatangaza uchaguzi wa Marekani. Wakatajwa wakulima wa kijiji kimoja: wengi hawakutoka majumbani, ati baridi, na waliotoka wamekipa chama kilekile walichokipa babu zao. Harub akacheka mpaka akamwaga kahawa. "Watu wana kura, wanalala!" Siku nzima barazani ni hayo hayo. Sisi tusio na kura tukawa tunawasikitikia Wamarekani.

Wiki ya pili akaamua kuwa kisima cha mtaa wetu, hapa karibu na Wadi Kabir, kipate msimamizi wa kuchaguliwa. Msimamizi tulikuwa naye. Bi Masouda, mjane asiye na mtoto, akitunza kamba na ndoo, akipanga zamu, akituamua tukigombana, na kila nyumba ikimpa mkate au tende. Ndiyo riziki yake, hana nyingine.

"Naye agombee," akasema Harub. "Haki kwa wote."

"Na sisi wanawake tunapiga?" nikamuuliza.

"Huku si Unguja, Bi Nasriya."

Mwanamme huyu huyu aliyekuwa akitupakia kwenye magari twende kupiga kura! Na kisimani kwenyewe, mwanamme gani aliwahi kuteka maji?

Ijumaa baada ya sala yakawekwa madele mawili ya kahawa uani kwa Harub, moja lake, moja la Masouda. Kila mwanamme atie kokwa ya tende katika dele alitakalo. Harub mwenyewe hatii, ati ndiye mwenye kuendesha uchaguzi. Kasimama pale anawatazama mikono, na sahani ya halua nyuma yake. Walikuja wote, hata Majid asiyeona, akashikwa mkono akaelekezwa dele. Masouda hakupata hata kokwa moja.

"Wamarekani waje wajifunze," akasema Harub. Wajifunze nini, kula halua?

Asubuhi yake kenda kisimani na bakora, kanzu imepigwa pasi. Masouda yumo ndani kwake analia, chunguni hamna kitu. Hapo hasira zikanipanda. Nikapita nyumba kwa nyumba, na wanawake wakabeba madebe yao tukaenda kisima cha mbali, Masouda mbele, kamba yake begani. Hamdiya, mkewe Harub, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka.

Basi Harub akabaki anasimamia kisima kisicho na mtu. Sisi tulikuwa tukirudi jua limeshapanda, hoi, na maji ni ya kupikia tu. Wanaume wakakosa ya kuoga, chai ikachelewa, na wale wale walioramba halua wakaanza kumnunia. Mwisho akaja kwangu kainamisha kichwa. "Tupige tena," akasema. "Na wanawake."

Tulitoka sote. Bi Rahila na mguu wake mbovu kaja anachechemea. Halua safari hii hapana. Harub akasimama kando kama kawaida yake, hatii. Dele la Masouda likajaa mpaka kokwa zikamwagika. Katika la Harub ikatoka moja.

Akaishika ile kokwa, uso ukamkunjuka. "Mke wangu," akatwambia. "Hakunitupa."

Nikenda kumpa Hamdiya hongera. Akanikodolea macho. "Mimi? Wallahi sikumpa."

Masouda alikuwa akizungusha kamba yake. "Mimi ndiye niliyemtilia," akasema. "Kukosa hata moja, nnajua kunavyouma."