Siku Niliyoshona Mapazia

Tulikuwa wanawake watatu katika kambi ya wafanyakazi wa reli pale Kindu, nyumba zetu zimefuatana, na kila mmoja wetu alikuwa na kazi ya kufanyia nyumbani. Mimi nilishona, kwa cherehani ya miguu aliyoninunulia bwana wangu mwaka tuliooana. Jirani wa kulia alikaanga mikate kwa mawese na kuiuzia mlangoni. Tulimwita mama mapasa, kwa kuwa alikuwa amezaa mapacha. Jirani wa kushoto alitoka Kasai pamoja na bwana wake, karani wa stesheni. Huyo alifua na kupiga pasi nguo za Wazungu. Alikuwa na binti wa miaka miwili na nusu na mtoto wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa na mmoja tu, mvulana wa mwaka mmoja.

Watoto hawa walikulia katikati ya mafuta yanayochemka, pasi ya makaa na sindano zangu. Asubuhi moja pacha mmoja aliteleza karibu na karai la mawese, na mama yake akamdaka kwa kumshika mguu. Alikuja kwangu amembeba yule pacha.

"Tutachoma watoto siku moja," akasema. "Afazali kila mutu akamate siku yake. Mumoja alinde wote, wawili wafanye kazi."

Tukakubaliana hivyo. Kila mmoja siku mbili kwa juma, na Jumapili kila mtu na wake. Sharti lilikuwa moja: mwenye siku yake asiguse kazi. Tulifurahia mpango ule. Siku ambazo si zangu nilishona mpaka nikasahau kula, nikiwasikia watoto wakicheka nyumba ya jirani, na moyo wangu ulikuwa umetulia. Wao wenyewe hawakutofautisha tena. Sisi sote watatu walituita mama.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa yangu. Jua lilikuwa limeshapanda nilipoletewa habari kutoka stesheni: mkuu mpya anafika na treni ya jioni, na nyumba yake haina mapazia. Kitambaa kililetwa pamoja na habari hiyo, kizito, rangi ya majani makavu. Ningeweza kusema leo ninalinda watoto. Sikusema. Niliwatandikia mkeka, nikawapa vijiti na vikopo wachezee, nikakaa kwenye cherehani. Kidogo tu, nilijiambia.

Nilikuwa kwenye pazia la tatu pale yule binti wa jirani wa kushoto aliposimama kando ya goti langu, akavuta kikwembe nilichojifunga kiunoni.

"Mama, baridi."

Nje jua lilikuwa kali. Sikumgusa kichwa. Nilichukua kipande cha kitambaa cha mapazia kilichobaki, nikamfunika, nikamlaza chini ya dirisha. "Lala, mama, lala," nikamwambia. Akalala mara moja, naye ndiye aliyekuwa msumbufu kuliko wote. Na mimi nilifurahi. Hilo sijawahi kulisema mbele ya watu: nilifurahi.

Nilishona mapazia matatu mengine. Saa nane mama yake alikuja kumnyonyesha mdogo, mikono yake bado ina harufu ya sabuni. Akatazama chini ya dirisha.

"Mbona huyu analala saa hii?"

Akamfunua. Macho ya mtoto yalikuwa nusu wazi, yamegeukia juu, na meno yameumana. Mama yake hakupiga kelele. Alimbeba akakimbia, na mimi nikakimbia nyuma yake na mdogo mikononi, nikipita namwita mama mapasa aje akae na wengine. Kwenye dispanseri muuguzi alimmwagia maji, akampiga sindano, akasema ni homa iliyopanda kichwani. Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, mtoto akafa.

Tulikaa kilio pamoja kwenye mkeka mmoja. Siku ya tatu mama yake aliniinamia sikioni.

"Alisema nini mbele ya kulala?"

"Hakusema kitu, dada. Alilala tu."

Akaitika kwa kichwa. Hakuuliza tena. Na juma lililofuata, asubuhi, nilimwona mlangoni kwangu na mtoto wake wa kiume aliyebaki.

"Leo njo siku yako ya kulinda," akasema, akanikabidhi.

Nilimpokea. Siku nzima sikumweka chini hata mara moja.

Tangu hapo, kila nilipokanyaga cherehani, nguo yangu ilivutwa pale gotini. Nilikuwa nikisimamisha mguu na kutazama chini. Hakuna mtu. Nilihamisha cherehani kwenye ukuta mwingine, mvuto ukanifuata. Sauti nayo ilirudi mchana kweupe, katikati ya mshono, bila hasira yoyote: mama, baridi. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama alikuwa ananiita mimi au anamwita mama yake.

Mama mapasa aliniuliza mara moja tu, akigeuza mikate yake. "Mapazia ya stesheni, ulimaliza siku ile ile?"

"Nilimaliza."

Akageuza mkate mwingine.

Mwaka ulipokwisha, karani akahamishwa Kongolo. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumsaidia mke wake kufunga vyombo. Tulikuwa wawili tu, tumepiga magoti, tunafunga sufuria ndani ya shuka. Nikamwambia. Nilimwambia mapazia, baridi, na kitambaa nilichomfunika. Nilimwambia nilimdanganya.

Mikono yake ilisimama kwenye fundo. Nilingoja anipige.

"Asubuhi ile nilimushika kichwa," akasema. "Kilikuwa moto. Nilikuwa na mashuka mengi ya kupiga pasi. Nikajua nikikuambia utanirudisha naye nyumbani. Nikanyamaza, nikamuleta."

Akakaza lile fundo.

"Mwaka muzima nilingoja uniulize kama nilijua," akasema.

Nilikuwa nimefikiri nikisema nitapata nafuu. Badala yake hasira ilinipanda, kali, kwamba aliniachia mtoto mgonjwa bila neno na kunitazama mwaka mzima nikibeba mzigo wote peke yangu. Kisha nikaona aibu kwa hasira ile, maana naye alikuwa amebeba wake. Hatukukumbatiana. Tulimaliza kufunga sufuria. Pale stesheni alinipa mtoto nimshike ili yeye apande, kisha akanyoosha mikono dirishani, nikampa. Treni ikaondoka, naye akakaa ameangalia mbele.

Nyumba yake ilipata watu wengine, mke kijana mwenye watoto wawili, fundi wa kusuka mikeka. Mama mapasa alimweleza mpango wetu, wakaja wote wawili kwangu kuniuliza nitakamata siku zipi. Nikawaambia sitakamata siku wala sitawapa mtoto wangu.

"Utafanyaje kazi?" akauliza yule mgeni.

Nilimfunga mwanangu mgongoni na kuendelea kushona. Alitimiza miaka miwili, kisha miwili na nusu, mzito, anapiga kelele ashuke acheze na wenzake. Wanawake wa kambi walinicheka wakipita dirishani. Sikumshusha. Kila baada ya mshono mmoja nilirudisha mkono nyuma, nikamgusa shingo, nikaendelea.