Namba Moja, Mahali Pawili

Kabla ya kuajiriwa kutunza kompyuta kubwa ya ofisi moja mjini Nyeri, Keziah Wamucii alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa. Ndani ya kompyuta hiyo huendeshwa kompyuta nyingine za programu tu, na kila moja hudhani kumbukumbu yote ni yake.

Jumanne, mkubwa wake Philemon aliona anwani 4096, yaani namba ya mahali kwenye kumbukumbu, ikiwa na data tofauti katika kompyuta mbili za ndani.

"Memori imeharibika. Nazima yote," alisema, mkono tayari kwenye swichi.

Kuzima kungekatiza usajili wa wagonjwa katika zahanati kumi na moja.

"Ngoja, mzee. Kiwandani kwetu kulikuwa na mkulima namba kumi na mbili. Kiwanda jirani pia kilikuwa na wake. Kwani ni mtu mmoja?"

"Ati sasa unaniletea kahawa?"

Wamucii alifungua jedwali la kila kompyuta ya ndani, linalogeuza anwani ya programu kuwa ya kompyuta hiyo. Kisha akafungua la kompyuta kubwa yenyewe, linaloigeuza tena kuwa mahali halisi. Zile 4096 mbili ziliishia sehemu mbalimbali kabisa.

Philemon aliondoa mkono kwenye swichi.

"Na hiyo kahawa iko?"

"Niko na chai tu, mzee."