Mashavu ya Dereva wa Lori

Dereva wa lori la kubeba shaba hunyoa ndevu akijitazama kwenye kioo cha pembeni cha lori lake, hapo hapo kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, mbele ya meza yangu ya chai. Huvuta shavu kwa vidole vyake vinene, hupitisha wembe polepole, na kuimba ovyo kwa sauti inayofika hadi ng'ambo. Zamani alijipaka spiriti, akatokwa na vipele shingo nzima. Siku hizi ana chupa ya maji ya witch hazel, ya kutuliza ngozi iliyonyolewa, aliyouziwa kwa bei ndogo duka la dawa la Nakonde. "Ni magome ya mti tu haya," huwaambia madereva wenzake. Kisha humimina kiganjani, hujipiga makofi mashavuni na kurukaruka kwa ubaridi: "Uwii! Uwii!" Nami hucheka hadi namwaga chai.

Juzi alinyoa mara mbili. Akajimiminia karibu nusu chupa, akavuka barabara huku shingo ikimchuruzika, akainama mezani kwangu, akaniita kwa jina.

"Goodness, nishike hapa. Kuna kipele?"

"Hakuna."

"Nafaa kupelekwa kwa wazazi?"

"Wazazi wa nani?"

"Wako. Kule Mlowo." Sauti yote ilikuwa imemwishia.

Shavu lilikuwa laini, la baridi, na lilikuwa likitetemeka. Nikasema ndiyo, nikasahau kuuondoa mkono, na malori yote ya foleni yakaanza kupiga honi.