Siku Kalenga Alipokataa Kuitika

Sisi tuliokulia Kabuta, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kabla simu hazijaingia kila mfuko, tulikuwa na filamu moja iliyotufundisha kuogopa. Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka hata bila jina, maana jina lake halisi hatukulijua. Tuliiita Mutu wa Kitunga, yaani Mtu wa Kapu.

Zilikuwa siku za kurudi shule na vumbi hadi magotini, sare zikinuka chisense, wale samaki wadogo walioanikwa kila penye mchanga hadi ikabidi uruke-ruke ili ufike mlangoni kwenu. Bukari, ule ugali wa mihogo, na sombe ya majani yake tuliila kwenye sahani moja, mikono mingi, na aliyechelewa alikuta ukoko. Wasichana tulicheza chiyato, unarusha kijiwe juu na kuvuta vingine kutoka shimoni kabla hakijashuka. Wavulana walisuka magari ya waya na kuyaendesha hadi barabara ya baiskeli za samaki, wakatukanwa na wenye baiskeli, wakarudi wakicheka. Nyumbani tuliongea Kibemba na mama, Kiswahili na baba aliyetoka ng'ambo, upande wa Kongo, na kwa lugha zote mbili tuliambiwa tunyamaze.

Jumamosi mchana tulikwenda kuona video. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jenereta ikinguruma nje. Mlangoni ulitoa kikombe cha chisense kavu, ukaingia na kukaa chini, magoti yako kwenye mgongo wa mwenzako. Kando ya televisheni alisimama mzee mwembamba kutoka Kongo tuliyemwita Papa Mikro. Mikro yenyewe, kipaza sauti, hakuwa nayo. Alikuwa na koo tu. Wazungu wakiongea Kiingereza chao, yeye alitupa Kiswahili, na Kibemba palipobidi. Alikuwa msichana, alikuwa polisi, alikuwa mbwa. Mwalimu wetu alisema filamu ile ilitolewa kwenye kitabu cha zamani sana ambacho watoto wa Ulaya husoma shuleni. Tulishangaa watoto gani hao wanaopewa kitabu kama kile kisha wanaambiwa walale.

Mutu wa Kitunga alitembea kwenye ukungu akibeba kapu kubwa mgongoni. Hakuwa na nguvu wala kisu. Alichokuwa nacho ni sauti: aliweza kuita kwa sauti ya mama yako. Ukiitika, umekwisha, uko ndani ya kapu. Msichana mmoja na mdogo wake wa kiume wakamfuata hadi mlimani ili kuwatoa wenzao. Papa Mikro alipoigiza ile sauti ya mama, tamu, ya polepole, ikimwambia mtoto aje, "Mwanangu, kuya, mama iko hapa," nyumba nzima iliacha kupumua.

Mdogo wangu Kalenga alikuwa mapajani pangu, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota. Kucha zake ziliingia mkononi mwangu. Yule mvulana wa kwenye filamu akanyoosha mkono kufungua kapu, na hapo hapo jenereta ikakohoa, ikazimika.

"Bon, batoto," alisema Papa Mikro gizani. "Mafuta imeisha. Mwisho mutaona siku ingine."

Hatukuiona. Mwenye kanda aliichukua akaenda nayo Chienge.

Majuma yaliyofuata, Kabuta nzima ilikuwa na watoto viziwi. Mama anaita, mtoto anachungulia kwanza nyuma ya ukuta kama kweli ni mama na kama hana kitu mgongoni. Wazazi walilalamika kisimani. Mama yetu alikuwa na msemo wake: "Nikikuita, itika hata kama umekufa." Kalenga aliusikia, lakini hakuacha kuchungulia. Sisi wakubwa tulianza kusahau, tukarudi kwenye chiyato. Yeye hakusahau.

Kisha ikaja ile alasiri ya upepo. Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya ziwa, meusi upande wa Kilwa, ng'ambo Kongo, na wavuvi walikuwa wanavuta mitumbwi yao nchi kavu. Mama akauliza Kalenga yuko wapi. Nikasema yuko kwa jirani. Jirani akasema hajamwona. Mtoto mmoja akasema alimwona kwenye mtumbwi wa baba, ule uliofungwa kwenye matete, akicheza mvuvi. Tulipofika, kamba ilikuwa imekatika na mtumbwi haupo.

Mama aliingia majini hadi kiunoni. "Kalenga! Kalenga we! Mwanangu, kuya, mama iko hapa!"

Hakuna aliyeitika. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu na kuipeleka sauti yake moja kwa moja ziwani. Mitumbwi mitupu iliyokatika kamba ilikuwa ikiyumba huku na huku nje ya matete, na hakuna iliyoonekana kuwa na mtu. Watu wakaanza kutazama maji badala ya mitumbwi. Mwanamke mmoja akashika kichwa kwa mikono miwili, na nilijua maana yake, nilikuwa nimeshaona watu wakishika kichwa hivyo ufukweni.

Mama akaita tena, maneno yaleyale. Nilikuwa nimeyasikia maneno yale kwenye nyumba ya video, moja baada ya jingine.

Nikamkimbilia baba. "Baba, yuko anasikia! Haitike paske anaogopa sauti ya mama! Anazani ni Mutu wa Kitunga!"

"Nini wewe unasema?" Baba aliinua mkono kunisukuma pembeni. Alikuwa na haki. Mtoto amepotea ziwani na mwingine analeta hadithi. Lakini Papa Mikro alikuwa amesimama pale pale, kofia kifuani, na yeye alinielewa mara moja.

"Mama, nyamaza kidogo," alimwambia mama yetu. "Nakuomba, usimwite tena." Kisha akapanda kwenye mtumbwi pamoja na baba na mvuvi mwingine.

Walipovuka matete mawimbi yakaanza kuwapiga ubavuni. Papa Mikro, ambaye hakuwa mtu wa maji hata kidogo, akasimama. Baba akamkaripia akae. Hakukaa. Alifungua lile koo lake.

"Batoto, film inaendelea! Kitunga imepasuka! Mutu wa Kitunga amekufa! Batoto bote banarudia kwabo! Ule mwenye alikuwa anaita, ndiye mama wa kweli! Film imeisha!"

Mbali kuliko mahali tulipokuwa tunatazama, kichwa kidogo kikainuka kutoka kwenye mtumbwi uliojaa maji nusu.

Baba alimwinua Kalenga kwa shati. Alikuwa amelala chali ndani ya maji yale, mikono masikioni, tangu mama alipoita mara ya kwanza. Wanasema neno lake la kwanza halikuwa baba wala mama. Alimuuliza Papa Mikro, "Alikufa wapi?"

"Mu mayi," alijibu mzee, akionyesha maji, akitetemeka kuliko mtoto.

Mama hakumpiga. Alimshika sikio, akashindwa kulivuta, akakaa naye kwenye mchanga wenye chisense za watu, akalia.

Mwaka huu binti yangu Mwila aliikuta filamu ile kwenye simu yake. Nilimweleza kapu, ukungu na mlima, akabonyeza-bonyeza, ikatoka. Tuliitazama mezani hapa Nchelenge, mchana kweupe, na moyo wangu ulikuwa ukidunda kama wa mwizi. Mwila alicheka. "Mama, ndevu zake zimebandikwa na gundi! Hiki ndicho kilichowatisha?" Kizazi hiki kinatazama watu wakichinjwa huku kinakula maandazi.

Mwisho ulipofika, aliacha kucheka. Mvulana anafungua kapu, wenzake wanatoka, yeye anabaki ndani ili kifuniko kisijifunge. Picha ya mwisho ni mama yake mlangoni, anaita, na hakuna anayeitika.

Nilimpigia Kalenga. Siku hizi anaendesha boti ya abiria kwenda Kilwa, na kila upepo ukivuma mimi hupiga simu hata bila sababu. Papa Mikro alishafariki. Sikuwahi kumuuliza kama mwisho wa kweli aliuona huko Kongo akatuficha, au hakuujua, akabuni wake akiwa amesimama kwenye mawimbi.

"Nimeona mwisho wa Mutu wa Kitunga," nilisema.

"Usinielezee, yaya," alijibu, kama anavyoniita mimi dada mkubwa. "Mimi wa kwangu nilishapata."

Enzi zetu tuliogopa pamoja, magoti mgongoni mwa mwenzako, na kilichokutisha wewe kilijulikana na nusu ya kijiji. Mwila anatazama peke yake, vidude masikioni, uso umemulikwa na kioo. Jana nilimwona amebana pumzi ghafla, macho yamesimama. Nilimwita. Hakunisikia. Nikamgusa bega, akaruka.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama."

Akageuza simu ili nisione. Nami nilibaki nimesimama pale, sijui hata ni hadithi ipi niingie ndani yake nikamtoe.