Chachu ya Shimo la Katani

Kijana aliyekuwa bandani kwenye maonyesho ya wakulima, hapa Bariadi, hakunikosea adabu. Alikuwa na koti jeupe na kipande cha kamba ya katani iliyong'aa kama imepakwa mafuta. Akatuonyesha pia kitu mfano wa karatasi laini kilichokaushwa kwenye sahani, akasema kimetengenezwa na bakteria. Wadudu wale wadogo wanakula sukari, alieleza, kisha wanaiunganisha mnyororo kwa mnyororo hadi inakuwa ute. Ute ukikauka unageuka utando imara, na ukiutupa unaoza bila kuacha sumu. "Hizi ndizo malighafi za kesho," alisema. "Gusa, mzee, haiumi."

Niligusa. Nikamuuliza anajua nini kuhusu shimo la kuozeshea katani. Akasema hiyo ni njia ya kizamani, inanuka. Nikaondoka kabla sijamtukana mtoto wa watu bure.

Mama yangu mdogo alikuwa na shimo la namna hiyo, katika kijiji kimoja ukitoka Bariadi kuelekea upande wa Mwamanyili. Mimi niliacha shule darasa la tano na tangu hapo sikukaa mahali. Nilivua samaki Nassa, nikabeba marobota Maswa, nikachunga ng'ombe wa watu. Kila nilipochoka nilirudi kwake. Nilimwamkia "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, naye alinijibu bila kuinua macho, "Mwangaluka. Umefukuzwa wapi safari hii?" Kisha alinipa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mkonge ulizunguka boma lake kama uzio. Tulikata majani, tukayapondaponda kwa rungu, tukayafunga mafungu na kuyazamisha kwenye shimo lililochimbwa katika udongo mweusi wa mbugani, usiovujisha maji. Tuliyakandamiza kwa mawe. Maji yakaanza kutoa mapovu, yakanuka, yakawa mazito na yenye kuteleza kama mlenda. Nyama ya jani ilipooza vya kutosha, uliifinya kwa vidole ikatoka yenyewe, ukabaki na nyuzi nyeupe. Nilipenda sana kutazama jambo hilo. Nilimuuliza ni nani anayekula ile nyama humo majini, akasema, "Wenye maji. Wewe kazi yako ni kuosha."

Maji yale hakuyamwaga kamwe yote. Aliyaita chachu. Kila alipolowesha majani mapya aliacha maji ya zamani chini, kama mtu anavyobakiza machicha ya pombe ili pombe inayofuata iwahi. Shimo jipya lisilo na chachu, alisema, linakawia na nyuzi zinatoka na madoa. Chachu ile aliirithi kwa mama yake pamoja na shimo. Na alipomaliza kusokota kamba aliipitisha kwenye ule ute mzito wa juu, akaianika. Ilikauka laini, nywele zake zimelala. Dume la ng'ombe lilifungwa kwa kamba hiyo msimu mzima wa kulima bila kuchubuka shingo. Nusu ya kijiji ililimia kamba zake.

Ndipo ikaja miaka ya ruksa. Zamani chama cha ushirika kilikuwa na makosa chungu nzima, lakini pamba yako kilikuwa lazima kiipokee. Sasa wanunuzi walikuwa watu binafsi. Mtu akipenda anakuja, asipopenda haji, na pamba inabaki ndani kwako inalala na watoto. Kwetu alikuja mmoja tu, kupitia wakala wake, bwana mwenye pikipiki na miwani ya jua. Aligawa mifuko ya salfeti, ile ya plastiki yenye mistari ya buluu, na kamba za plastiki za kufungia. "Acheni kubeba pamba kwenye mashuka kama wakimbizi," alituambia. Watu wakacheka na kupokea.

Salfeti ikikaa juani inachakaa na kutoa nyuzinyuzi. Kila ukimwaga pamba, vinyuzi vinabaki humo. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya kubeba mizigo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Maswa, na niliviona kwa macho yangu kwenye pamba nyuzi, ile iliyokwisha kutolewa mbegu: vya buluu unaviona na kuviokota, vyeupe huvioni mpaka kitambaa kimeshafumwa. Wasimamizi walikuwa wakigombana juu yake kila siku.

Basi mzigo wa kijiji chetu ukakataliwa kiwandani. Ulikuwa na nyuzi za kigeni. Wakala akarudi na pikipiki yake. Mnadhani alisema ni salfeti zake? Alisema ni nywele za katani. Kuna mtu hapa, alisema, anaozesha takataka karibu na mashamba na upepo unapeperusha. Shimo lile lisipofukiwa, lori la kuchukua pamba halirudi.

Mkutano uliitishwa. Nilisimama na kinyuzi cha buluu nilichokichomoa kwenye pamba ya mama mdogo mwenyewe, maana naye alizipokea salfeti kama wengine.

"Katani ina rangi gani?" niliuliza.

"Kaa chini," alisema mwenyekiti wa kijiji.

"Nauliza tu. Mmeshawahi kuona katani ya buluu?"

"Tumewahi kuona mtu asiye na hata shina moja la pamba akitufundisha pamba," alisema jirani yetu mmoja, mwenye jozi mbili za maksai. Watu wakaangua kicheko.

"Maksai wako umewafunga kwa kitu gani, wewe?" nilimrudishia. "Si kwa kamba za shimo hilo?"

"Kamba nitanunua dukani. Lori nitalinunua wapi?"

Hapo kicheko kilikufa, kwa sababu alikuwa amesema kilichokuwa kwenye kila tumbo. Hawakuamini habari ya nywele za katani. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Walijua. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiazima kamba kwetu kila masika alikwepa macho yangu, akawa anakwangua udongo kwenye ukucha. Wakala alikaa kwenye kiti cha heshima akinywa soda. Walipiga kura ya mikono, na mikono ikainuka.

Kwetu uamuzi wa mkutano hutekelezwa na wote. Sungusungu wanapiga filimbi asubuhi, kila kaya inatoa mtu na jembe. Asiyekuja anatengwa: haombi moto kwa jirani, hasalimiwi, na akifa watu wake wanahangaika naye wenyewe. Kaya ya mama mdogo nayo ilikuwa kaya. Filimbi ilipolia alichukua jembe.

"Huendi," nilimwambia.

"Nani ataenda? Wewe? Unakaa hapa?"

Tukaenda.

Aliomba ruhusa ya kutoa mafungu yaliyokuwa majini, na kiongozi wa sungusungu akamkubalia. Yalikuwa hayajaiva. Nyama ilikuwa bado imegandamana na nyuzi, ya kijani, isiyotoka kwa vidole. Tuliyapanga nyasini yakichuruzika ute, na nilijua hata tungeyakwangua kwa panga nyuzi zingekatika. Nilikuwa nikitukana kwa sauti. Sikumtaja mtu, ila kila mtu alijua zamu yake ilipofika.

Nikaenda nyumbani nikarudi na ndoo. Nilishuka shimoni, maji yakanifika magotini, nikaijaza yale maji mazito ya chini kabisa. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani: nitayamimina mtungini, niufukie nyuma ya zizi, mvua zikiisha tutachimba kwingine, mbali na barabara, chachu itakuwa hai.

"Hiyo ndoo ya nini?" aliuliza kiongozi.

"Ya kunawia miguu."

Mwenye maksai akacheka. "Miguu yako inanuka kiasi hicho?"

Kiongozi hakucheka. Hakunizuia pia. Alimtazama mama mdogo, na wengine wote wakageuka kumtazama, majembe yamesimama. Ndoo ilikuwa mkononi mwangu lakini ilikuwa inamfunga yeye.

Mama mdogo alinijia, akashika kishikio cha ndoo juu ya mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa vinateleza.

"Mayu, usiwasikilize," nilimnong'oneza. "Wanajua wanadanganya."

"Najua wanajua."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu wewe utaondoka," alisema. "Wiki hii au wiki ijayo utakwenda zako kuuliza maswali kwingine. Mimi ninabaki na hawa. Hawa ndio watakaonibeba."

Akaimwaga ndoo shimoni mbele yao, taratibu, mpaka ute wa mwisho ukaning'inia ukingoni na kukatika. Kisha akaiweka chini, akachukua jembe lake na kuvuta udongo wa kwanza.

Wakaingia wote. Kazi ya wengi kwetu haifanywi kimya, lazima wimbo uwepo ili majembe yapande na kushuka pamoja. Lakini asubuhi ile hakuna aliyeanzisha, na majembe yaligongana ovyo. Yule mwanamke wa kuazima kamba ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Mayu, tuanzishie." Mama mdogo alikuwa na sauti iliyojulikana mpaka vijiji vya ng'ambo, palizini kila mtu alitaka kulima upande wake.

Nilidhani atatema mate. Ningekuwa mimi, ningetema mate.

Alifuta jasho kwa kiwiko, akainua jembe, akaanzisha.